Nchi Iliyojizungushia Kamba

Sokotwe ilikuwa nchi ndogo ya mviringo, iliyokaa juu ya kilima chake peke yake, na aliyetaka kuizunguka kwa miguu alihitaji siku nne tu, tano ikiwa ni mtu wa kusalimiasalimia njiani. Haikuwa na dhahabu, haikuwa na bahari, na mvua iliifikia ikiwa imechoka kunyesha kwa wengine. Ilichokuwa nacho ni katani. Katani ilimea mabondeni, ikamea njiani, ikamea hata juu ya makaburi, na watu wa huko tangu walipoachishwa ziwa walijua kazi moja, kusokota kamba. Sasa, kamba ndefu husokotwa kwa fundi kurudi kinyumenyume, akiziachia nyuzi kidogokidogo kutoka kiunoni, macho yake yakiwa kwenye kazi. Kwa hiyo watu wa Sokotwe walitumia nusu ya maisha yao wakienda nyuma. Walikwenda nyuma kwa madaha, bila kugeuza shingo, maana shingo ikigeuka msokoto huharibika, na fundi aliyegeuza shingo kabla ya kufunga fundo alichekwa mpaka wajukuu zake nao wakachekwa. Wageni waliowaona kwa mara ya kwanza walidhani ni watu wanaokimbia kitu kwa adabu.

Kila kamba inaposokotwa, lazima awepo mmoja wa kushika ncha. Huyo haendi popote. Anasimama, anashika, na wenzake ndio wanaotembea. Ni kazi waliyopewa wagonjwa, wajawazito waliokaribia siku zao, na wale ambao hawakufaa kwa kazi nyingine. Ilitokeaje basi hata cheo kikubwa kuliko vyote nchini kikaitwa Mshika Ncha? Mimi sijui, na wazee wa huko ukiwauliza hugeuza mazungumzo. Mshika Ncha wa zama hizo alikuwa Mtukufu Dalungo, mtu wa kitambi kizuri na sauti nzuri zaidi, aliyeishi Kitovuni, katikati kabisa ya nchi, katika nyumba yenye baraza pande zote. Alikuwa na mapenzi ya kweli kwa Sokotwe, hilo tusimnyime, hasa ile sehemu iliyoonekana kutoka barazani.

Chini ya kilima, ikikizunguka kila upande, ilitanda Uwandakuu. Zamani Sokotwe ilikuwa kipande tu cha Uwandakuu, shamba la katani la bwana mkubwa, mpaka mababu walipochoka, wakakataa, wakajitenga, na siku hiyohiyo wakaapa kwamba tangu sasa watasokota kwa kushoto, ili kamba yao isifanane tena na ya bwana. Uwandakuu hawakuwahi kuuamini vizuri utengano ule. Waliwaona watu wa Sokotwe kuwa watoto waliotoka kucheza wakachelewa kurudi. Basi ilipofika wakati Uwandakuu ikapigana vita na Uvunge, jirani yake mwingine, kwa sababu ya ugomvi wa nani amvulie mwenzake kofia kwanza, ikahitaji watu wengi wa kuvuta mawe ya kujengea kuta, ikakumbuka wale watoto. Kwenye lango la soko lake ikaweka askari wenye kapu la nyuzi. Kila muuza kamba aliyetoka Sokotwe alipewa konzi ya nyuzi akaambiwa, sokota. Akisokota kwa kushoto, alipita. Akisokota kwa kulia, aliambiwa kwa upole kabisa, "Wewe ni wetu, ulipotea tu," akafungwa kiunoni kwa kamba aliyoileta mwenyewe kuuza, akapelekwa ukutani.

Hivyo ndivyo alivyokwenda Lugendo, mume wa Nyangeta. Lugendo alizaliwa Sokotwe, baba yake na babu yake pia, lakini babu huyo alikuwa mbishi. Siku ya kiapo alisema mkono wake haukuhudhuria mkutano, akaendelea kusokota kwa kulia, na mjukuu akajifunza kwake. Muuza chumvi mmoja ndiye aliyeleta habari. Alisema Lugendo yu hai, amekonda, anavuta mawe kwenye ukuta wa Gandamo, na anamsalimu mkewe. Akaleta na habari nyingine. Uwandakuu, nchi yenye sheria nzuri kwa kila jambo, ingawa ilizitunza mno zisichakae kwa kutumiwa, ilikuwa na sheria kwamba mtu aliyechukuliwa kwa makosa huachiwa, endapo mama au mke wake atakuja mwenyewe na kufunga fundo la nyumbani kwao. Maana kila nyumba ya Sokotwe ilikuwa na fundo lake la kumalizia kamba, lisilofundishwa ila kwa aliyezaliwa au kuolewa humo. Mke angelifunga chumba hiki, mume chumba kile, na mafundo yakilingana, basi. Lakini yote haya lazima yafanyike kabla ya mvua za kwanza. Mvua zikianza, wavuta mawe wote hupelekwa vitani Uvunge, na huko hakuna aliyewahi kurudi.

Nyangeta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vigumu na maneno machache. Aliyasikiliza yote, akampa muuza chumvi maji ya kunywa, akaingia ndani, akalia kilio kifupi kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kirefu. Nyumba yake ilikuwa Ukingoni, kijiji cha mwisho kabisa, hatua ishirini kutoka mpakani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: siku tatu kwenda, siku tatu kurudi, na mvua ilikuwa bado miezi minne. Akafunga mzigo wa chakula. Alikuwa anautia kichwani alipoona watu wanakuja kinyumenyume kando ya mpaka, wengi, wakiachia kamba kutoka viunoni mwao, na mbele yao mtu mwembamba mwenye karatasi.

Huyo alikuwa Ngwilizi, Waziri wa Mafundo. Alisimama kwenye kichuguu akasoma kwamba Mshika Ncha, Mtukufu Dalungo, amehuzunishwa mno na kutekwa kwa wananchi wake. Kwamba Uwandakuu haiwezi kuishi bila kamba za Sokotwe hata wiki mbili. Na kwamba ili kuiadhibu mpaka ipige magoti, nchi nzima inazungushiwa Kamba Kuu, juu ya vigingi, usawa wa kiuno. Kamba hiyo asivuke mtu, asivuke mnyama, kisivuke kitu.

Watu wakapiga makofi, Nyangeta naye akapiga, kwa kuwa hasira ya Mtukufu ilikuwa hasira yake. Kisha akasogea.

"Mheshimiwa, hao waliotekwa, si na mume wangu Lugendo yumo?"

"Yumo, mama. Jina lake limesomwa barazani mara mbili."

"Basi nipisheni nikamchukue. Ninayo njia."

"Huwezi kuvuka. Tunamtetea."

"Nashukuru. Na mkimaliza kumtetea, atarudi lini?"

Ngwilizi aliitazama karatasi upande wa mbele, akaigeuza akatazama wa nyuma. "Hapa hapajaandikwa," alisema.

Mwezi wa kwanza watu walijiona mashujaa. Walisimama kwenye Kamba Kuu wakitazama chini Uwandakuu, wakingoja kusikia kilio. Mwezi wa pili walianza kutazama chungu. Sokotwe haikulima chochote cha maana isipokuwa katani. Chumvi, mtama, mafuta na jembe lenyewe vyote vilitoka sokoni kule chini. Sasa kamba zilirundikana zikajaa ghalani, zikajaa sebuleni. Mbuzi mmoja alifungwa kwa kamba tatu. Watu walilalia kamba, wakakalia kamba, na mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani aliyapeleka mahari ya mwanawe kwa njia ya kamba, yakarudishwa na wakwe kwa kamba nyingine ndefu zaidi. Njaa ilipopiga hodi, ilikuta kamba mlangoni ikaziruka.

Mlekwa, mdogo wake Lugendo, hakuwa mtu wa kufa na njaa. Alikuwa na punda, na punda huyo ghafla akapata ugonjwa wa kupotea. Alipotea kila siku ya soko akiwa na mizigo minne ya kamba mgongoni, na Mlekwa akamfuata kumtafuta, akarudi naye jioni, mizigo haipo, ila kuna gunia la mtama. Alipokamatwa, Ngwilizi alimhoji mbele ya kijiji kizima.

"Punda alivukaje?"

"Upepo, Mheshimiwa. Ulimsukuma."

"Upepo gani unaosukuma punda?"

"Ule wa kutoka nyuma. Nasi nchi hii tunakwenda nyuma, kwa hiyo hatukuuona unakuja."

Alitozwa punda. Tena ikatoka Amri ya Pili, kwamba mnyama asipotee bila mashahidi wanne. Ikafuata ya Tatu, kwamba mtu asionekane na kamba ndefu kuliko ya kufungia suruali. Na ya Nne, ambayo watu waliirudia kwa kuonyeshana vidole, ilikataza kusimama karibu na mpaka na sura ya kutamani. Nyangeta alionywa kwa hiyo mara mbili. Alisema ndivyo sura yake ilivyo.

Yeye alitaka kufuata sheria. Alipanda mpaka Kitovuni, akakaa siku tatu chini ya baraza akingoja kuomba kibali cha kuvuka. Kibali, aliambiwa, hutolewa kwa aliyethibitisha kwamba atarudi, na uthibitisho wa kurudi ni kurudi. Siku ya tatu Mtukufu Dalungo mwenyewe alitoka kupunga upepo, ncha ya kamba ya fedha mkononi, kama desturi ya cheo chake, akamwona.

"Mke wa shujaa wetu," alisema kwa ile sauti yake nzuri. "Vumilia, binti yangu. Uwandakuu wanalia."

"Mtukufu amewasikia?"

"Tumeambiwa na waliosikia."

"Imebaki miezi miwili mvua inyeshe, Mtukufu. Ikinyesha, mume wangu anakwenda kufa."

"Basi nao wamebaki na miezi miwili ya kulia," alisema Dalungo, akaingia ndani kula.

Nyangeta alirudi Ukingoni mguu mmoja mbele mwingine hautaki. Njia nzima alikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ngeni kwake, kwa kuwa hakujua aielekeze chini au juu. Wale waliomteka mumewe walikuwa na mlango wa kumtolea. Hawa waliokuwa wakimtetea ndio walioufunga.

Kisha kiangazi kikakaza, na jua likafanya kazi ambayo hakuna waziri aliyeikumbuka. Kamba ya katani ikinyeshewa hujikaza, ikikauka hulegea. Kamba Kuu, iliyofungwa wakati wa umande, ililegea kila mchana zaidi ya jana, mpaka ikawa inalala chini kati ya kigingi na kigingi, kuku wanavuka na vifaranga vyao bila mashahidi. Ngwilizi aliona aibu ile akapiga mbiu nchi nzima: kamba ikazwe. Kila mwenye nyumba karibu na mpaka akaze kipande kilicho mbele yake, kwa kufuata desturi za ufundi.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo nchi nyingine yoyote isingelikosea. Maana desturi za ufundi Sokotwe zilikuwa tatu, za kale kuliko Mshika Ncha yeyote. Ya kwanza, anayekaza kamba hukata urefu uliozidi, na kipande alichokata ni mali yake, ndio ujira wake, walikiita masazo. Ya pili, anayekaza hurudi kinyumenyume na hageuzi shingo mpaka afunge fundo. Ya tatu, fundo la nyumbani halifunguliwi ila na mtu wa nyumba hiyo. Waziri wa Mafundo alizijua zote tatu. Alizijua mno hata hakuzifikiria.

Nyangeta alikwenda kwenye kamba asubuhi ile akiwa na kisu. Mlekwa alimfuata akitafuna jani la mtama.

"Shemeji, unakata wapi?"

"Ilipozidi."

"Mbona unakata ilipozidi na pale ambapo haikuzidi?"

"Wewe ulisoma kwa nani kazi hii? Shika hapo."

Alikata hatua hamsini. Kipande kizuri, kizito, cha kuuzika. Halafu akajaribu kuziunganisha ncha mbili zilizobaki, na kama ilivyotarajiwa, hazikufikiana. Kamba ilikuwa imekuwa fupi. Fundi wa kweli hakati tamaa kwa hilo. Hung'oa vigingi na kuvisogeza ndani, mpaka ncha zikutane. Nyangeta alishika ncha moja, Mlekwa nyingine, wakaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ndani ya nchi, bila kugeuza shingo. Walirudi hatua kumi. Walirudi hatua ishirini, mgongo wa Nyangeta ukagusa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Hakugeuka. Aliupapasa ukuta, akaufuata kwa mgongo mpaka kwenye kona, akauzunguka, akaendelea. Nyuma ya banda la kuku ncha zilikutana. Akafunga fundo la nyumbani, akalikaza kwa goti, na hapo tu akageuza shingo kuona alipofika. Kamba ilikuwa imenyooka vizuri, haijawahi kunyooka vile. Nyumba yake, banda lake na mtende wake vilikuwa nje, na yeye pamoja navyo, kwa kuwa fundo alilifunga akiwa upande wa banda.

Aliinama chini ya paa la nyuma, akapitia dirishani upande wa jikoni akatokea mlango wa mbele, mzigo kichwani. Ngwilizi alimkuta hapo, yeye yuko ndani ya kamba, Nyangeta yuko nje, banda la kuku katikati.

"Umevuka," alisema Ngwilizi.

"Sikuvuka, Mheshimiwa. Mimi nimepita ndani ya nyumba yangu. Kamba ndiyo iliyonivuka."

"Rudi huku."

"Nikirudi huko si nitakuwa nimevuka?"

Ngwilizi aliinua mguu ili amfuate, akautazama ule mguu ukiwa juu ya kamba. Asivuke mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisoma. Aliushusha polepole palepale alipoutoa. Majirani waliokuwa wakitazama walikwenda nyumbani, kila mmoja kwa wakati wake, kutafuta visu.

Nyangeta alishuka Uwandakuu siku tatu, masazo yake begani, roho juu kila alipoona wingu. Kwenye lango la Gandamo alimkuta kadhi mnene akila ndizi. Alimweleza kesi yake akiwa amesimama. Kisha, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa limemkaa moyoni njia nzima, akauliza ni machozi kiasi gani yamemwagika huku tangu Sokotwe ifunge biashara.

Kadhi akaacha kutafuna. "Kwani mlifunga?" aliuliza. "Lini?"

Nyangeta alihesabu kwa vidole. Miezi mitatu na zaidi ya njaa, na huku chini watu walikuwa wakinunua kamba za makumbi ya nazi kutoka kwa jirani mwingine, wanalalamika kidogo kwamba zinawasha mikono. Basi. Alipewa kamba, akaingizwa chumba kimoja. Akasikia chumba cha pili mlango ukifunguliwa na mtu akikohoa, akamjua kwa kikohozi. Alifunga fundo la nyumbani kwa pumzi moja. Chumba cha pili alisikia kamba ikianguka sakafuni, ikaokotwa, ikaanguka tena. Vidole vilivyovuta mawe miezi minne havikunjiki. Nyangeta aliweka paji la uso ukutani. Alitaka kumwambia, zungusha mara mbili, pitisha chini, kama babu, lakini askari alikuwa mlangoni na neno moja lingeharibu yote. Alingoja. Hakuwahi kungoja hivyo, hata chini ya baraza la Dalungo.

Kadhi aliyaleta mafundo mawili mezani. La Nyangeta lilikuwa safi. Lile jingine lilikuwa baya, limelegea, lina damu kidogo pembeni, lakini lilikuwa lilelile.

"Huyu hawezi kuwa wetu," alisema kadhi. "Wetu hawafungi ovyo namna hii."

Lugendo alitoka amekuwa mifupa na macho. Walitazamana, halafu Lugendo akauliza kama kuku wazima, na Nyangeta akacheka huku akilia. Wakaanza safari ya kupanda, polepole, wingu la mvua likiwafuata nyuma.

Ukingoni hawakuona kamba. Walikuta soko: wanawake wanapima mtama, watu wa Uwandakuu wanapatana bei ya masazo, maana kamba za makumbi zilikuwa zimewachosha, na kamba hii nene ya serikali ilikuwa bora kuliko zote. Walipanda kijiji cha pili. Hakuna kamba. Cha tatu vilevile. Kila kijiji kilikuwa kimekaza kwa uaminifu, kimekata masazo yake, kimerudi kinyumenyume na kujikuta nje. Na kila kijiji kilichobaki ndani, kilipoiona kamba ikisimama mlangoni, kilitambua wajibu wake. Hakuna aliyevunja amri. Hakuna aliyeona walikoelekea, kwani walikuwa wanakwenda nyuma, na shingo hazikugeuka.

Kamba Kuu waliikuta Kitovuni. Ilikuwa imebaki vigingi kumi na viwili, imezunguka nyumba ya baraza pande zote na mchicha wa mpishi, ingawa mpishi mwenyewe, aliyeshiriki kukaza, alikuwa nje. Ndani alibaki Mtukufu Dalungo peke yake. Kitambi kilikuwa kimepungua, sauti bado. Nje alisimama Ngwilizi, karatasi mkononi, amekonda kuliko karatasi. Kwa siku tatu walikuwa wakijaribu kumpatia Mtukufu kibali cha kuvuka. Kibali kilihitaji muhuri, na muhuri ulikuwa ndani, karatasi ya kugongwa ilikuwa nje, na kila mmoja aliponyoosha mkono, watu waliokaa chini na mabakuli yao ya uji walisema pamoja, kwa heshima, "Kisivuke kitu."

"Kwa nini hamfungui?" Lugendo alinong'ona.

Mlekwa alijitokeza, amenenepa. "Fundo la mwisho ni la nyumbani kwetu, kaka," alisema. "Nililifunga mimi, maana niliifuata kamba kijiji kwa kijiji nikisaidia kukaza, basi hakuna mwingine wa kulifungua. Nami nikasema, mkubwa wa nyumba hayupo, shemeji hayupo, mimi ni nani niamue?"

Watu wote wakageuka kumtazama Nyangeta. Alisogea mpaka kwenye fundo. Lilikuwa la kwao kweli, limefungwa kivivu kama afanyavyo Mlekwa. Dalungo naye alishuka ngazi za baraza akaja upande wa pili, wakawa karibu, kamba kati yao.

"Binti yangu," alisema, "nashukuru umerudi salama na shujaa wetu. Unaona sera yetu imezaa matunda. Sasa fungua hapa."

"Mtukufu, askari wa Uwandakuu bado wako langoni mwa soko lao na kapu la nyuzi. Wewe kusokota hujui, kwa kulia wala kwa kushoto. Ukitoka watakuchukua."

"Watanichukua mimi?"

"Usiogope," alisema Nyangeta. "Tunakutetea."

Mahali fulani bakuli liliwekwa chini. Kwa mara ya kwanza Dalungo aliongea bila ile sauti nzuri.

"Mkimaliza kunitetea," alisema taratibu, "nitatoka lini?"

Nyangeta aligeuka akamtazama Ngwilizi, na Ngwilizi akaitazama karatasi yake, mbele na nyuma.

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya kamba. Kila mtu pale alikuwa fundi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba katani ikilowa fundo hujiuma lenyewe, na kwamba baada ya muda mfupi halitafunguka tena mpaka kiangazi kingine. Nyangeta alivitazama vidole vya mumewe, vilivyovimba, ambavyo havikuweza kufunga hata kishikizo. Kisha akamtazama yule mtu mkubwa mwenye njaa aliyesimama mvuani, na akahisi huruma, jambo lililomuudhi. Akakunja mikono ya nguo yake. Akaliingiza gumba kwenye fundo, akatoa ncha mbili, moja akaishika mwenyewe, ya pili akaipitisha kwa Dalungo.

"Shika," alimwambia.

Mtukufu aliachia ile kamba ya fedha ikaanguka matopeni, akaishika ncha ya katani kwa mikono yote miwili.

Nyangeta alianza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, macho yake kwenye kazi. Huko Sokotwe, anayefungua kamba na anayeikaza huanza vilevile. Dalungo hakujua ni lipi linalofanyika, wala hakuthubutu kuuliza. Mvua ilizidi. Watu walisimama kupisha njia, na Nyangeta akaendelea kwenda, bila kugeuza shingo, na Dalungo akaendelea kushika.